Orodha ya Wateja wa Zamani: Soma Hii Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Unajua vile saiba hujaa mwisho wa Juni. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA, na wengi wetu huikumbuka tarehe 28. Merigi, kule Bomet Mashariki, mambo ni yale yale. Mwalimu yuko kwenye benchi, mzee mwenye shamba la chai yuko kwenye benchi, na kijana aliyemaliza chuo, ambaye bado hana kazi lakini ana PIN, naye yuko kwenye benchi akisubiri zamu yake.

Mteja wetu tunayetaka kukusimulia habari zake leo alikaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka kadhaa. Hatutamtaja jina, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini. Alikuwa na kompyuta mbili, printa moja na daftari. Mtu akija kujaza ritani, kuomba mkopo wa HELB au kutafuta huduma kwenye eCitizen, swali la kwanza lilikuwa: una barua pepe? Wengi hawakuwa nayo. Basi alikuwa anawafungulia papo hapo, anabuni neno la siri, na kuandika kila kitu kwenye daftari: jina, namba ya simu, barua pepe, neno la siri. Tena wateja wenyewe ndio waliomwomba. "Niwekee hapo kijana, mimi nitasahau." Mwaka ukizunguka wanarudi, anafungua ukurasa wao, na kazi inaisha kwa dakika chache.

Baadaye watu wengi wakapata simu janja na kuanza kujifanyia wenyewe. Mapato yakashuka, kodi ya chumba haikushuka. Akafunga saiba, akabeba kompyuta moja na daftari zake nyumbani, na akaanza kujifunza kuandika programu.

Wazo lilikuwa zuri, na sisi tukalishangilia

Programu aliyoitengeneza inatatua shida ambayo kila mfugaji anaijua. Asubuhi karani wa kikundi anapima maziwa na kuandika lita kwenye kitabu. Kitabu kinanyeshewa, ukurasa unachanika, na mwisho wa mwezi mkulima anasema alileta lita 12 huku karani anaona 10. Juu ya hayo kuna deni la agroveti: mkulima alichukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo, na deni linafaa kukatwa kwenye malipo yake, lakini hakuna anayekumbuka ni mfuko mmoja au miwili.

Kwa programu hii, karani anaandika lita kwenye simu, na mkulima anapata SMS hapo hapo. Deni likiingia, analiona. Mwisho wa mwezi hesabu iko tayari na malipo yanatumwa kwa simu. Alikuja kwetu kwa sababu ya hapo mwisho: alitaka kuunganisha programu yake na huduma ya kulipa watu wengi kwa mara moja.

Tukamuuliza swali ambalo huwa tunamuuliza kila mtu anayeanza: wateja utawapata wapi?

Akatoa daftari tatu. "Hawa wote ni wateja wangu."

Na hapa lazima tuseme ukweli. Tulifurahi. Sisi tuliosoma masoko chuoni tulifundishwa kwamba orodha ya wateja ni mali, na kwamba kumrudia mteja wa zamani ni rahisi kuliko kumtafuta mpya. Tukaona majina mengi, yenye simu na barua pepe, ya watu wa eneo moja. Tukamwambia: tuma. Hatukumuuliza watu hao walimpa anwani zao kwa ajili ya nini.

Makala haya ni ya kurekebisha ushauri huo.

Yaliyotokea

Alikaa usiku mmoja akiandika barua nzuri. Ilieleza programu, ikaeleza bei, na mwishoni ikawa na kiungo cha kubonyeza ili kujisajili. Akaanza kuituma kwa akaunti yake ya kawaida ya Gmail. Kwa kuwa akaunti ya bure ya Gmail inaruhusu watu wasiozidi 500 kwa siku, aligawanya orodha. Fungu la kwanza aliweka anwani zote kwenye sehemu ya "Kwa", bila kuzificha. Kila aliyefungua barua ile aliona anwani za wenzake wote.

Barua nyingi zilirudi. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya ritani moja tu, halafu ikaachwa, huenda haipo tena.

Nyingine zilifika, lakini zikanyamaza. Alipokaa akafikiri, alicheka mwenyewe. Barua pepe hizo, mtu pekee aliyewahi kuzifungua ni yeye. Alikuwa ameandikia masanduku ambayo funguo zake ziko kwenye daftari lake.

Wachache waliosoma walishtuka. Kila mtu hapa Kenya amewahi kupata ujumbe wa matapeli: umeshinda zawadi, pesa imetumwa kwako kimakosa, bonyeza hapa, jisajili pale. Sasa unapata barua kutoka kwa mtu ambaye saiba yake ilifungwa zamani, inataja jina lako kamili, na ina kiungo. Wewe ungebonyeza?

Halafu simu ikalia. Alikuwa ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi.

"Hii ni namba ya kijana wa saiba?"

"Ndiyo, Mwalimu. Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri. Nimeona barua yako ya maziwa. Mimi sina ng'ombe. Lakini nina swali moja tu. Kama barua pepe yangu bado unayo, neno langu la siri je?"

Hakujibu haraka. Daftari lilikuwa mbele yake. Neno hilo lilikuwa kwenye mstari mmoja na jina la Mwalimu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Ninalo, Mwalimu."

Mwalimu hakumfokea. Alimwambia kwamba barua pepe ile ndiyo aliyoitumia kwa KRA, kwa TSC na kwa sacco yake. Na kwamba miaka yote hii hakuwahi kujiuliza daftari lile lilienda wapi saiba ilipofungwa. Kisha akaaga.

Kijana alitupigia jioni hiyo. Hakuzungumza habari za mauzo. Alitaka kujua afanye nini na daftari.

Namba si mteja

Hebu tuliangalie jambo hili polepole, kwa sababu wafanyabiashara wengi tunaowahudumia wako kwenye hali hiyo hiyo. Ulikuwa na duka la simu, sasa unauza programu ya stoo. Ulikuwa na saluni, sasa una programu ya kuweka miadi. Una orodha, na moyo unakwambia kwamba hao ni wako.

Sivyo. Mtu alikupa namba kwa kazi fulani. Kazi ilipoisha, ruhusa ile nayo ilifika mwisho. Mwalimu alitoa barua pepe yake ili ajaziwe ritani. Hakuitoa ili aambiwe habari za maziwa. Ni kama jirani aliyekuachia ufunguo wa nyumba umwagilie maua akiwa safarini. Akirudi, ufunguo bado unaweza kufungua mlango, lakini huna ruhusa ya kuingia kumuuzia sabuni.

Kosa hili ni la zamani kuliko intaneti tunayoijua. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Kampuni ilikuwa na kompyuta mpya na alitaka watu waje kuiona. Anwani alizitoa kwenye orodha ya watumiaji wa mtandao ule, mtandao ambao uliwekwa kwa ajili ya utafiti na kazi za serikali. Malalamiko yalifuata mara moja. Leo tangazo hilo linakumbukwa kama barua taka ya kwanza. Kompyuta yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Lililowaudhi watu ni kwamba anwani zao zilitumika kwa jambo wasilolikubali.

Sheria inasemaje

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Inatokana na Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Usiogope ukisikia neno sheria. Sehemu inayokuhusu ni fupi.

Kwanza, data ya mtu ikusanywe kwa lengo lililo wazi, na isitumike kwa lengo jingine lisilopatana na lile la kwanza. Pili, isiwekwe kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika. Tatu, kifungu cha 37 kinasema usitumie data ya mtu kwa biashara kabla hujamwomba idhini na kuipata waziwazi, isipokuwa kama sheria nyingine iliyoandikwa inakuruhusu na mtu aliambiwa hivyo ulipochukua data yake. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba ukimtumia mtu matangazo, lazima umpe njia rahisi ya kusema "basi, inatosha", na njia hiyo isimgharimu, au imgharimu kidogo sana.

Chukua mambo hayo matatu uyaweke kando ya daftari la saiba. Lengo lilikuwa ritani, likawa maziwa. Muda ulikwisha saiba ilipofungwa. Idhini haikuombwa. Kijana wetu, bila nia mbaya yoyote, alikuwa amekosea mara tatu, na sisi tulimsukuma.

Ofisi inayosimamia sheria hii ni ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliingia kazini Novemba 2020. Ofisi hiyo inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Na si vitisho vya karatasi tu. Septemba 2023 ilitangaza faini kwa taasisi tatu kwa pamoja: kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho, klabu ya Casa Vera, shilingi 1,850,000, kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na Roma School, shilingi 4,550,000, kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Makosa hayo hayafanani na kutuma barua ya maziwa. Lakini mzizi ni mmoja: ulikuwa na kitu cha mtu mikononi, ukakitumia bila kumuuliza.

Labda unasema biashara yako ni ndogo mno. Ni kweli kwamba kwa kawaida biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa zile za sekta fulani kama afya, elimu na huduma za fedha. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa wajibu. Hata ukiwa peke yako na simu moja, masharti ya idhini ni yale yale.

Na pale Merigi kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye sheria yoyote. Watu wanajuana. Mnakutana kwenye kituo cha kununulia majani chai, mnakutana kanisani, mnapanda bodaboda moja. Ukiitwa tapeli mara moja, hata ukiwa na programu bora kuliko zote, karani wa maziwa ataambiwa asikuguse.

Alivyorudi nyuma, hatua kwa hatua

Tulikaa naye tukapanga upya. Hatua hizi ndizo tunazokupendekezea na wewe.

Hatua ya kwanza: funga shimo kabla ya kuuza chochote. Kabla ya kitu kingine, aliharibu maneno ya siri yote. Alinakili majina na namba za simu kwenye faili moja lililofungwa, kisha akazichoma daftari jikoni. Ukiwa na maneno ya siri ya wateja popote, kwenye kitabu, kwenye simu au kwenye WhatsApp, hiyo ndiyo kazi yako ya leo. Na kama daftari la namna hiyo limepotea au limeibwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, sheria inakutaka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72.

Hatua ya pili: waambie. Hapa alitumia SMS, kwa sababu simu ndiyo wanayoisoma. SMS moja ina herufi 160, na zinatosha kabisa ukijua unachotaka kusema. Ujumbe ulikuwa wa namna hii:

"Habari. Ni mimi wa saiba ya zamani hapa Merigi. Nilikuwa na neno la siri la barua pepe yako. Nimelifuta. Tafadhali libadilishe leo. Swali? Nipigie."

Angalia vitu visivyokuwamo. Hakuna kiungo. Hakuna bei. Hakuna programu ya maziwa. Tulimshauri asiweke hata neno moja la biashara mpya, kwa sababu onyo lenye tangazo ndani yake haliaminiki. Mtu akiona unamwonya na kumuuzia kwa pumzi moja, ataamini kwamba onyo ni chambo.

Kwa waliokuwa kwenye fungu lile la barua, wale walioonyeshana anwani bila kutaka, aliandika tena kuomba radhi. Safari hii anwani zote aliziweka kwenye sehemu ya Bcc, ambako mpokeaji haoni wenzake. Kama utakumbuka jambo moja la kiufundi kutoka makala haya, liwe hilo: "Kwa" na "Cc" huonekana na wote, Bcc haionekani.

Hatua ya tatu: pitia orodha kwa macho ya biashara mpya. Waliofuatilia HELB walikuwa wanafunzi, na hawana shida ya kupima maziwa. Walimu wengi vilevile. Waliobaki ni wale ambao kazi yao ni kulipa au kuhesabia wengine: mweka hazina wa kikundi, mwenye agroveti, mtu anayekusanya maziwa kwa pikipiki. Katika daftari tatu, hao walitosha ukurasa mmoja. Usihuzunike orodha ikipungua. Hao wengine hawakuwa wateja wa kazi hii hata siku moja. Walikuwa wanakuongezea hesabu tu.

Hatua ya nne: omba ruhusa, tena ana kwa ana ukiweza. Alitembea. Wengine aliwakuta dukani, wengine aliwapigia simu. Alijitambulisha, akaeleza alikopata namba yao, akasema saiba iliisha na sasa anafanya kazi nyingine. Halafu akauliza kama anaweza kuwatumia ujumbe. Kwa aliyeshindwa kuonana naye, aliandika hivi:

"Habari. Ni mimi wa saiba ya zamani Merigi, namba yako ninayo tangu wakati huo. Naweza kukuandikia juu ya hesabu za maziwa? Jibu NDIO. Ukinyamaza nitafuta namba."

Jibu la kunyamaza ni muhimu. Wengi wetu huandika "usipojibu tutajua umekubali". Hiyo si idhini. Mtu aliyenyamaza hajakubali. Huenda simu iko chaji kwa jirani. Ukimya uhesabu kuwa hapana, na ufute kweli kama ulivyoahidi.

Hatua ya tano: weka kumbukumbu. Kwenye faili lake jipya kuna safu ya ziada: ni nani aliyekubali, tarehe gani, kwa njia gani, na kwa ajili ya nini. Mtu akiuliza kesho "namba yangu umetoa wapi?", jibu lipo. Na akisema ACHA, anaondolewa siku hiyo hiyo bila maswali.

Hatua ya sita: kama barua pepe ni lazima, itume vizuri. Zipo biashara ambazo wateja wao husoma barua pepe kila siku, kama shule, ofisi na wauzaji wa jumla. Kwao tumia huduma maalum ya kutuma barua nyingi na anwani yenye jina la biashara yako, badala ya Gmail ya binafsi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe anwani zao, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na wahakikishe ni wachache sana wanaozilalamikia barua hizo. Masharti makali zaidi ni ya wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku, lakini hata wewe mdogo, watu wakizidi kukuweka kwenye kapu la barua taka, barua zako zitaacha kufika hata kwa wanaozitaka.

Na majina ya kwenye malipo je?

Hapa panatuhusu sisi moja kwa moja, na huwa tunaulizwa sana. Mteja akikulipa kwa simu, unapata ujumbe wenye jina lake, na wakati mwingine namba yake au sehemu ya namba. Wafanyabiashara wengine huzikusanya hizo polepole mpaka zinakuwa orodha ya matangazo.

Usifanye hivyo. Jina hilo linakufikia ili ujue nani amelipa na kiasi gani, basi. Mtu aliyenunua dawa ya kupe kwa shilingi 300 hakuomba kupata ujumbe kila Ijumaa. Kama unataka kumwandikia, muulize pale pale kaunta: "Mama, tukipata dawa mpya nikutumie ujumbe?" Akisema ndiyo, andika jina na tarehe. Hiyo ni sekunde kumi, na ina thamani kuliko namba elfu moja ulizozichukua kimyakimya.

Na usisahau lile la kila siku: sisi, wewe, au mtu yeyote mwenye programu yoyote, hakuna anayepaswa kumuuliza mteja namba yake ya siri ya pesa. Programu ya kijana wetu inalipa wakulima bila kujua namba ya siri ya mkulima hata mmoja. Ikiwa programu unayoijenga inahitaji namba hiyo ili ifanye kazi, kuna kitu umekikosea. Njoo tuzungumze.

Basi iliishaje?

Hatutakudanganya kwamba alipata wateja mamia. Walioandika NDIO walikuwa 11. Kati yao, vikundi viwili vya maziwa na agroveti moja vilikubali kujaribu kwa mwezi mmoja. Tukilinganisha na daftari tatu alizokuja nazo, ni kidogo. Tukilinganisha na barua yake ya kwanza, ambayo haikuleta hata mmoja, ni mengi.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa masoko hatukulitarajia. Ile SMS ya maneno ya siri, ile ambayo haikuuza kitu, ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Watu walimpigia. Wengine hawakujua kubadilisha neno la siri, akawaelekeza kwenye simu, mmoja mmoja, bila malipo. Wengine walimuuliza siku hizi anafanya nini. Hapo ndipo alipowaambia, kwa sababu sasa ni wao waliouliza.

Mmoja wa waliopiga alikuwa Mwalimu. Ng'ombe bado hana. Lakini kaka yake ni mweka hazina wa kikundi, na kikundi hicho ni kimoja kati ya vile viwili.

Sasa ni zamu yako. Kabla ya kubonyeza "tuma" kwenye orodha yoyote ya zamani, jiulize maswali manne:

Mtu huyu alinipa namba kwa kazi gani?
Nina kitu chake kingine ambacho sifai kuwa nacho?
Akiniuliza nilikoitoa, nina jibu ambalo sitaona haya kulisema mbele ya watu?
Akisema inatosha, ataniambiaje, na mimi nitamfuta vipi?

Ukikosa jibu la hata moja, usitume bado. Chukua jembe la kwanza, yaani hatua ya kwanza, uanzie hapo. Na kama una daftari la zamani mahali fulani, kwenye droo au juu ya kabati, likiwa na maneno ya siri ya watu, lichome leo kabla ya chakula cha jioni. Halafu waambie wenyewe kwamba umelichoma.